Mchezo wa tope chekechea: panga maji ya kunawa kwanza

Walimu wenzangu wa awali na nyie mnaolea watoto vituoni, huu mwongozo nimewaandikia watu wa huku Kusini, Mtwara na Lindi, kwa sababu maelekezo mengi ya michezo ya kuchafuka yanayozunguka mtandaoni yanamdhania mwalimu ana bomba ndani ya darasa, taulo za karatasi, watoto kumi na msaidizi juu. We uko Tandahimba maji unanunua kwa dumu na darasani una watoto 48, au uko Mikindani bahari unaiona dirishani ila maji baridi mpaka uyafuate. Sasa hayo maelekezo yatakusaidia nini.

Kinachoharibu mambo ni kuanza na uchafu wenyewe. Mtu anachimba udongo, anakoroga, anawaachia watoto, anapiga picha za kurusha kwenye grupu la wazazi la WhatsApp, muda si muda kila mtoto anataka kunawa kwa wakati mmoja, maji yameisha, mwalimu anafoka, na kesho yake anasema hii michezo haitufai sisi. Inatufaa sana tu. Ila uipange kinyumenyume, kwanza ujue watanawaje, halafu watavaa nini, halafu ndo uchague watachezea nini. Ukishakuwa na uhakika wa namna ya kumaliza huna haraka ya kumaliza, na mchezo wa mtoto unanoga pale mtu mzima asipokuwa na haraka.

Hatua ya 1: Kunawa

Jioni ya kabla hesabu maji. Kwa mikono na miguu weka lita moja na nusu kwa kila mtoto, maji ya mchezo ni mengine mbali. Watoto 12 ni lita 18, yaani ndoo moja ya lita 20 inawatosha na kidogo kinabaki. Kama ndoo hiyo huna, punguza watoto, usipunguze maji.

Kisha chora njia. Mtoto anatoka kwenye mchezo, anafika kwenye beseni la kutoa tope, anaenda kwenye maji yanayotiririka na sabuni, anakaa kwenye mkeka kukauka, anavaa. Njia moja, upande mmoja, isipite katikati ya darasa, na isikutane na wanaotoka chooni. Beseni la kwanza wanaweza kuchangia kwa sababu ni la kutoa tope la mikono na miguu tu, uso usiguse humo. Uso na sabuni ni kwenye maji yanayotiririka.

Maji yanayotiririka unapata kwa kibuyu chirizi, na kama kituo chako hakina basi tengeneza hata leo, ni dumu la lita 5, tundu la msumari karibu na mdomo, fimbo ya kulining'iniza na kamba inayoshuka mpaka kwenye kijiti cha kukanyaga. Mtoto anakanyaga, dumu linainama, maji yanatoka kidogo kidogo, mikono yake michafu haijagusa chombo. Kwao huo nao ni mchezo, kuna watoto watachafuka makusudi ili wakakanyage. Weka karai chini yake, maji yakatiliwe mchicha.

Taulo moja la watoto wote hapana. Trakoma, ule ugonjwa wa macho, inaenea kwa mikono, nzi na vitambaa vya kuchangia, na mikoa yetu imeujua huo ugonjwa miaka mingi. Jua na upepo wa huku vinakausha mtoto mwenyewe, taulo la nini.

Nyie wa juu kwenye uwanda wa Makonde ambako maji ni shida kweli kweli, kuna ujanja mdogo tu: usikimbilie kuosha tope bichi. Waweke watoto kivulini tope likauke kwenye ngozi, wapukutishe wenyewe, kila mmoja asugue mikono kwa kitambaa chake kikavu, ndo wanawe. Maji yanapungua sana, na ile hali ya tope kukauka, kukakamaa na kupasuka juu ya mkono wanaisimulia kuliko mchezo wenyewe.

Hatua ya 2: Nguo, nywele na wazazi

Hapa ndo michezo mingi inapokufa. Mzazi ana sare moja ya mtoto, ameifua jana usiku, ameipiga pasi, halafu mtoto anarudi kama katoka kulima. Atanuna, na ana haki. Mtoto akirudishwa hivyo mara mbili, ya tatu anaambiwa nyumbani kabisa, ole wako ukaguse matope, na wewe unabaki unashangaa kwa nini hachezi.

Omba fulana kuukuu za kina baba, moja kwa kila mtoto wa kundi la siku hiyo, kata mikono, inamfika mtoto magotini na inatosha kuwa aproni. Zikae kituoni. Viroba vya sukari au unga vilivyofuliwa navyo vinafaa ukitoboa shingo. Ila viroba vya salfa ya mikorosho usiviguse kabisa, nitarudi hapo.

Nywele: mtoto aliyesukwa jana ni hela ya mzazi ile, mchanga ukiingia kwenye yebo hautoki leo wala kesho. Vitambaa vya kichwani viwepo. Mwenye ushungi muulize mama yake kama atavua au utamfunga kitambaa kingine. Na watoto wetu wengi wakitoka hapa saa sita au saa saba wanaenda chuo kusoma Kurani, nguo inatakiwa iwe twahara, kwa hiyo nguo ya chuo ikae kwenye mfuko wake mbali na mchezo. Ijumaa usipange tope.

Waambie wazazi kabla, kwa mdomo, getini, sio karatasi. Maneno yenyewe ni ya kawaida tu:

"Mwalimu, mtoto jana kaja na mchanga mpaka masikioni, na saa nane anatakiwa chuo."

"Pole mama Zuhura, leo namfunga kitambaa, na nguo yake ya chuo nimeitunza kwenye mfuko. Jana alijaza chupa zote kwa zamu akawa anahesabu mwenyewe, hajakusimulia?"

Unaona, usibishane kuhusu umuhimu wa mchezo. Mtatulie shida yake ya nguo, halafu mpe habari moja ya mtoto wake.

Picha za kurusha kwenye grupu, piga mikono na kazi zao. Mtoto aliyevua nguo hapigwi picha, hata kama amependeza vipi na matope yake.

Mwalimu mkuu naye ni mzazi wa aina yake, akipita akakuta tope atauliza kama ndo ufundishaji. Mwambie bila kupaniki kwamba haki ya mtoto kucheza iko kwenye kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, na Tanzania iliuridhia 1991. Na ile Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto iliyozinduliwa Desemba 2021 imeweka fursa za ujifunzaji wa awali kuwa moja ya nguzo zake tano. Akishaona una ndoo, una fulana na una daftari la kuandikia, maswali yanapungua yenyewe.

Hatua ya 3: Chagua kitu kimoja, na ujue unakitakia nini

Kitu kimoja. Ukimwaga mchanga, maji, rangi, maharage na udongo siku moja, mtoto anagusa kila kitu na hakai popote. Ukimpa mchanga tu na vyombo vitatu, kwanza atazubaa, halafu ndo ataanza kazi.

Na kila kitu kina somo lake kichwani mwako, watoto huna haja ya kuwatangazia.

Maji yanakupa vipimo. Kusanya chupa nyembamba ndefu, kopo fupi pana, kata ya kifuu cha nazi, kisado, chujio, chupa iliyotobolewa matundu. Mtoto wa miaka minne au mitano ukimimina maji yale yale kutoka kwenye kopo pana kwenda kwenye chupa nyembamba atakwambia yameongezeka kwa sababu yamepanda juu. Jean Piaget wa Uswisi aliandika sana kuhusu hilo, watoto wengi wanaanza kulielewa wakikaribia miaka saba, kwa hiyo usimsahihishe. Mwache amimine na kurudisha, amimine na kurudisha. Hakuna maelezo ya mwalimu yatakayoshinda hiyo kazi ya mikono yake.

Mchanga unakupa mkavu na mbichi. Mkavu unatiririka, haushiki umbo. Utie maji kiasi, unashika, kwa sababu yale maji kidogo yaliyo katikati ya chembe yanazivuta zishikane. Yazidishe, nyumba inaporomoka. Anza siku ya kwanza na mkavu peke yake, siku ya pili weka kikombe kimoja cha maji pembeni unyamaze. Nani atamwaga kwanza na atamwaga kiasi gani, hilo ndo la kutazama. Mchanga wa baharini una chumvi, ukigusa kidonda mtoto analia, na una vipande vya magamba vya kukata, kwa hiyo uchekeche na uuoshe mara kadhaa kama maji yapo. Ukiweza tafuta wa korongo uliokauka, na fukwe zenyewe zinaliwa na bahari jamani, tusizidi kuzimaliza kwa ndoo.

Udongo wa kufinyanga mimi ndo naupenda kuliko vyote, maana unajenga misuli ya vidole ile itakayoshika penseli, na unadumu. Ile ardhi nyekundu ya Newala ina mchanga mwingi, haifinyangiki, utapoteza siku. Tafuta bondeni, au udongo wa kichuguu, ule mafundi wanaoupenda kwa matofali, ila angalia kichuguu kina mpangaji gani kabla hujaingiza mkono, nyoka wanapenda sana humo. Upime hivi: chukua kidogo, lowesha, viringisha uwe kama kamba nene ya kidole, ukunje. Ukipasuka hovyo haufai, ukikunjika vizuri chukua. Ponda, loweka usiku, chuja kwenye chekecheo, utandaze kwenye gunia mpaka usinate kiganjani. Kila mtaa hapa kwetu hakukosi bibi aliyewahi kufinyanga vyungu, wanawake wa Kimakonde kazi hiyo ni yao tangu zamani. Mwalike aje akae mkekani afinyange chungu chake kimya kimya, asifundishe kitu. Watoto watamwiga wenyewe, na utashangaa walivyotulia. Shikamoo bibi, marahaba wanangu, ndo somo limeanza.

Machicha ya nazi. Hiki kitu tunatupia kuku kila siku na ndo mchezo wa bure kabisa wa pwani: laini, yananukia, yakikaukia yanabadilika, na aliye chini ya miaka mitatu akitia mdomoni sio balaa, ili mradi ni mabichi ya asubuhi hiyo. Weka kifumbu na bakuli la maji, wakamue. Yakilala mpaka kesho kwa joto letu yanachacha, kwa hiyo ni siku moja, baada ya hapo mpe kuku haki yake.

Rangi usinunue. Manjano ya binzari, nyekundu ya rozela, nyeusi ya mkaa uliosagwa, nyekundu nyingine ya udongo wenyewe. Ukitaka ya kupaka kwa vidole koroga nusu kikombe cha wanga wa muhogo kwenye vikombe viwili vya maji baridi, chemsha huku unakoroga mpaka uwe mzito wa kung'aa, upoe kabisa, ndo utie rangi. Wanga unaupata kwa kukuna muhogo mtamu, kuukamua ndani ya maji na kuyaacha yatulie, ule mweupe unaojikita chini ndo wenyewe. Na hapa kuna utamu wake: maji ya rozela ukikamulia ndimu yanazidi wekundu, ukitia soda ya kuokea yanageuka kuelekea bluu au kijani. Manjano nayo ikikutana na sabuni inageuka kuwa nyekundu nyekundu. Kwa hiyo mzazi akifua fulana yenye doa la manjano akaona kama damu, mwambie asiogope, aianike juani, jua linaifubaza.

Kuna wanga usiopikwa pia, ule mkavu ukitia maji kiasi, karibu vipimo viwili vya wanga kwa kimoja cha maji, ukiupiga ngumi unakuwa mgumu, ukitulia unatiririka. Watoto wanaweza kukaa nao asubuhi nzima. Lakini ni chakula.

Na kwenye chakula niseme tu, mi siafiki kumwaga unga wa ugali watoto wachezee. Januari na Februari akiba majumbani zimepungua, shamba bado halijatoa, kuna mtoto hapo amekuja hajanywa hata uji, halafu mwalimu anamwagia watu kilo mbili za unga mezani. Atamwelewaje? Wanga kidogo mara moja moja sawa, mabaki kama machicha sawa, ila udongo upo bure na hakuna atakayelala njaa kwa ajili yake.

Majira nayo yanakuchagulia. Novemba mpaka Aprili mvua inakuletea tope na madimbwi. Kiangazi ni mchanga mkavu, majani ya mkorosho yaliyokauka, makumbi, vifuu. Msimu wa korosho watoto wengi wanafuatana na wazazi shambani, kundi linapungua, huo ndo wakati mzuri wa kujaribu kitu kigumu kama kufinyanga.

Hatua ya 4: Visivyochezewa

Hapa sina utani. Korosho ghafi, ile yenye ganda, haichezewi, haihesabiwi, haipondwi. Ganda lake lina mafuta yanayounguza ngozi, wabanguaji wanajua vizuri. Mabibo hayana ukali huo ila maji yake doa halitoki, uamuzi ni wako na wa mama mwenye sare.

Viroba vya salfa inayopigwa kwa ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho, na madumu ya viuatilifu, hata vioshwe mara ngapi, visifike kituoni. Mtu atakuletea kwa roho nzuri kabisa, "mwalimu nimekuletea madumu ya watoto", pokea kwa heshima, ukayatoe nje ya eneo. Udongo pia usichimbe ndani ya shamba linalopuliziwa, wala karibu na choo, wala kwenye mabaki ya mchanga wa fundi kwa sababu unaweza kuwa na saruji, na saruji mbichi inachoma. Chokaa vilevile, hatari kubwa ni macho. Maji ya majivu hapana. Vumbi la mpingo kutoka kwa wachongaji linawasha ngozi na kifua.

Mbegu: mbaazi na kunde zinaingia puani na masikioni kirahisi sana, kwa walio chini ya miaka mitatu ziondoe kabisa. Nyonyo ni sumu. Na zile mbegu ndogo nyekundu zenye doa jeusi wanazotungia shanga ni sumu kali, zikionekana uwanjani okota zote. Maganda ya muhogo, hasa muhogo mchungu, tupa.

Maji ya mchezo yasitoke kwenye bwawa wala lambo. Kichocho kipo mikoa hii, vijidudu vyake vinatoka kwa konokono wa maji baridi na vinapenya ngozi. Kama huna maji mengine, yachote bila konokono, yakae kwenye pipa lenye mfuniko saa 48 na zaidi, hapo vijidudu hivyo vinakuwa vimekufa. Mfuniko usisahau, mbu wa dengi anataga kwenye maji ya namna hiyo hiyo. Kina cha beseni la kuchezea kiwe kidogo tu, na mtu mzima asiondoke hata kufuata kalamu. Sentimita 5 za maji zinatosha mtoto mdogo kuzama. Ukiitwa ofisini, mwaga maji kwanza.

Mchanga wa boksi ufunike kwa turubai kila jioni, paka wanaupenda kuliko watoto. Safura inapenya kwenye ngozi ya mguu kutoka kwenye udongo uliochafuliwa na kinyesi, ndo maana ya kukagua eneo asubuhi kabla hawajaja. Kucha fupi. Wenye miezi 12 mpaka 59 wapelekwe kwenye ile kampeni ya vitamini A na dawa za minyoo inayokuja kila miezi sita, waulize wazazi kadi. Mwenye kidonda wazi leo anacheza machicha au anapaka rangi kwa kijiti, tope kesho.

Mwenye ualbino ni kivulini, kofia na mikono mirefu, na mchezo wote uhamie kivulini awe na wenzake, sio yeye akae peke yake barazani anaangalia.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Kiwango kinachotajwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali, ila hali halisi tunaijua. Wenye 48 wagawe 12 kwa siku, Jumatatu mpaka Alhamisi, kila mtoto anapata siku yake kwa wiki na anajua ni lini, hivyo hakuna kusukumana. Waliobaki wawe kwenye kona zao za kujifunzia, na eneo la tope liwe mlangoni, ukikaa kwenye kizingiti unaona pande zote mbili. Mzazi mmoja wa zamu ni msaada mkubwa, mradi umwambie mapema asiwafanyie watoto kazi. Kina mama wanashindwa kabisa kuona mtoto anashindwa kuchota.

Anza baada ya uji, sio kabla, mwenye njaa hachezi. Toa dakika 45 kamili. Dakika za mwanzo wengi wanatazama tu, wengine wananusa, mmoja atatia kidole na kukitoa, ukikata kwa nusu saa unakuwa umewakatisha ndo wanaanza.

Vyombo viwe vingi vya aina moja. Kata moja nzuri kwa watoto 12 ni ugomvi umenunua mwenyewe. Vifuu vya nazi viko bure kila nyumba, kusanya 15, sugua kingo kwenye jiwe zisikwaruze.

Halafu kaa chini na funga mdomo. Hili ni gumu kwetu walimu, tunajisikia hatufanyi kazi. Yale maswali ya "hii rangi gani, hivi viko vingapi" yanamtoa mtoto kwenye anachowaza, anakujibu ili umwache. Tia na wewe mikono yako, fanya kitu chako kidogo, na ukisema, sema unachokiona: limekuwa teketeke, linanata, yanachuruzika, chepechepe, umekanda mpaka limelainika. Lugha yetu imejaa maneno ya namna hii na mtoto hayapati kwenye kitabu, anayapata mkono ukiwa humo. Wa vijijini wengi wanakuja wanaongea Kimakonde, Kimwera, Kiyao au Kimakua, waache waongee hivyo hivyo kwenye tope, wewe weka neno la Kiswahili kando bila kuwakatiza. Aliyekuwa bubu darasani wiki nzima, hapa ndo unamsikia sauti.

Mtoto akikwambia "mwalimu limekataa", usimtengenezee. Mjibu "eeh, limekataa", umtazame. Atakupa njia ya pili mwenyewe, na kama hana atamwangalia jirani.

Kuna ambao hawataki kugusa kabisa, wanakunja vidole, wengine wanalia. Usimshike mkono ukamchovya, hata kwa utani, utampoteza mwezi mzima. Mpe kijiti, mpe kijiko, au tia tope kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri abonyeze kwa nje. Kazi ya kumimina maji kwa wenzake nayo ni kushiriki. Anayerusha mchanga mwambie mara moja mchanga unakaa chini ya kifua, akirudia anahamia kwenye maji, bila hotuba.

Hatua ya 6: Kusafisha ni sehemu ya mchezo

Dakika 10 kabla, watangazie, maana mtoto aliye katikati ya daraja lake hawezi kuacha ghafla. Kila mmoja ana kazi: wa kukusanya vifuu, wa kusuuza, wa kufagia mchanga kurudi kwenye boksi, wawili wa kubeba ndoo nusu. Watamwaga kidogo njiani, sawa. Wakishazoea, kina dada wa usafi watakupenda, maana zoezi hili ndo linalowatoa kwenye lawama.

Wanaenda kunawa watatu watatu, wengine wanaendelea kukusanya. Mwisho mwaga maji yote, geuza mabeseni kifudifudi.

Hatua ya 7: Daftari, halafu rudia

Usiandike ripoti. Mistari miwili kwa watoto watatu tu wa siku hiyo, nani kafanya nini na kasema nini kwa maneno yake. Kwa mfano, "kajaza chupa ndefu mara nne kwa kifuu, kasema chupa inakunywa sana". Hapo una hesabu, lugha na sayansi, na wiki ijayo unajua umpe nini: chupa mbili za umbo tofauti. Kama hujaona la kuandika kwa mtoto fulani wiki mbili mfululizo, kaa karibu naye mara ijayo.

Wiki inayofuata usibadilishe kitu, badilisha kimoja ndani yake. Udongo ule ule, ongeza vijiti. Halafu maji kidogo. Halafu majani ya mwembe ya kugandamiza alama. Watu wanachoka wao wanafikiri watoto wamechoka, wanakimbilia kitu kipya, na watoto walikuwa ndo kwanza wanaanza kutengeneza visahani vyenye mdomo.

Udongo uliobaki urudishe uwe bonge moja, uchimbe shimo la dole gumba katikati, jaza maji, funika na gunia lililoloweshwa, ndoo ikae kivulini na mfuniko juu. Kila jioni nyunyizia gunia. Ukikauka kabisa sio hasara, ponda, loweka tena. Vilivyofinyangwa na wanaotaka kubaki navyo vianike kivulini siku kadhaa, ukiviweka juani moja kwa moja vinapasuka na utaulizwa na wenyewe. Udongo ukianza kutoa harufu mbaya au ukaona una vijidudu, utandaze juani ukauke, urudishe shambani, kachimbe mwingine.